Barakoa ya upanga mrefu: kuichagua, kuijaribu na kuitunza

Mama alipoona picha yangu ya kwanza nikiwa nimevaa barakoa ya mazoezi, aliuliza ni lini nimeanza kufuga nyuki. Sikuwa na la kumjibu, maana kwa kweli vinafanana. Mimi hucheza upanga mrefu hapa Ujerumani, ule wa kushikwa kwa mikono miwili, tunaojifunza kutokana na maandishi ya walimu wa karne ya 15 na 16. Barakoa yangu ya kwanza niliichagua kwa bei, nikajuta. Ukitaka kuanza, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Isome lebo, lakini usiiamini kupita kiasi

Kwanza ujue kwamba barakoa hizi zilibuniwa kwa ajili ya mchezo wa upanga wa Olimpiki. Kule hutumia panga nyepesi za aina tatu: foili na seba hazifiki gramu 500, na epee haifiki 770. Upanga wetu wa mazoezi una kilo moja na nusu hivi. Wavu wa chuma wa barakoa utazuia ncha isikufike jichoni. Pigo la utosini ni habari nyingine.

Ndani ya kitambaa kinachoning'inia mbele ya koo utakuta namba: nyutoni (kipimo cha nguvu) 350 au 1600. Wageni wengi wakiona 1600 hudhani kichwa hakitauma. Namba hiyo inapima uwezo wa kitambaa kuhimili ncha isipenye, basi. Haisemi lolote kuhusu ubongo wako kutikisika.

Hata hivyo, kama mfuko unaruhusu, chukua ya 1600 yenye alama ya FIE, shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Waya wa wavu wake hauruhusiwi kuwa mwembamba kuliko milimita 1, na matundu hayazidi milimita 2.1. Ukali huo haukuja bure. Mwaka 1982, kwenye mashindano ya dunia mjini Roma, upanga wa mpinzani wa Vladimir Smirnov ulivunjika, kipande kikapenya wavu wa barakoa yake na kuingia kichwani. Alifariki siku chache baadaye, naye alikuwa bingwa wa Olimpiki wa 1980. Kanuni za vifaa zilikazwa baada ya hapo.

Barakoa ya seba iache dukani. Imetengenezwa ipitishe umeme wa kuhesabia pointi, nasi hatuna waya wala taa.

Hatua ya 2: Ivae, uisumbue

Hapa usiwe na haraka. Pitisha futi ya fundi cherehani chini ya kidevu, mbele ya masikio, mpaka juu ya utosi, kisha linganisha na jedwali la mtengenezaji husika, kwa sababu saizi zao hazifanani.

Ukishaivaa, kidevu kikae kwenye sponji yake na paji la uso liguse sponji ya juu, bila pua kugusa wavu. Tikisa kichwa kama unayekataa, kisha kama unayekubali, kisha inama utazame vidole vya miguu. Ikiteleza, angalia ulimi wa chuma ulioko nyuma. Huo unakunjika: bana barakoa kwa magoti, uvute ulimi kwa ndani kidogo kidogo huku ukijaribu kila mara. Ukishakaa sawa usiuchezee tena, maana chuma kinachokunjwa na kukunjuliwa huchoka. Mkanda wa nyuma ni wa kushikilia barakoa iliyokwisha kutosha. Ukilazimika kuukaza mpaka taya ziume, hiyo saizi si yako.

Ile yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumba na kubwa kidogo. Nilijiambia nitazoea. Wiki ya tatu nilipigwa pigo la juu, la kawaida kabisa, barakoa ikashuka na sponji ya paji ikakaa kwenye pua. Sikuona kitu, na pigo la pili lilikuwa tayari njiani. Nilirudi nyumbani na kichwa kinachogonga kama kinu.

Hatua ya 3: Funika kisogo

Barakoa inaishia nyuma ya masikio. Nunua kifuniko cha ngozi nene au plastiki ngumu chenye sponji, kinachovaliwa juu ya barakoa na kushuka hadi kisogoni. Kisha rudia hatua ya 2 ukiwa umekivaa, kwa sababu uzito umebadilika.

Hatua ya 4: Kila baada ya mazoezi

Usiifungie ndani ya begi ikiwa na jasho. Ning'iniza penye hewa, kivulini. Jua kali hudhoofisha nyuzi za kitambaa. Sponji inayobanduka ioshe kwa mkono kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, vivyo hivyo kitambaa cha koo. Jiki marufuku, na dawa ya kulainisha nguo pia iache. Kausha wavu kwa taulo hasa pale unapokutana na fremu, maana kutu huanzia hapo.

Hatua ya 5: Ikague, na ukubali ikifa

Mara moja kwa mwezi zima taa, weka tochi ndani ya barakoa, utazame kutoka nje. Matundu yanapaswa kuwa sawa kote. Tundu lililopanuka kuliko jirani zake, waya uliokatika, au kutu iliyokula ndani: safari imeisha. Mahali palipobonyea kidogo panaweza kurudishwa mara moja kwa nyundo ya mpira. Pakibonyea tena palepale, acha. Na mtu asikudanganye kwamba wavu unachomelewa.

Mara moja kwa mwaka ipeleke kwenye klabu ya mchezo wa Olimpiki iliyo karibu. Wengi wana kipimo chenye ncha ya koni na springi, kinachosukuma wavu kwa nguvu ya kilo 12. Waombe waijaribu barakoa mbele na pembeni.

Ikifeli, kata mikanda kabla ya kuitupa, asije mgeni akaiokota kwenye kabati la klabu. Yangu nimeivisha gogo la kupigia mazoezi, na kila pigo la juu linanikumbusha bei niliyookoa.