Sikio la mbwa linatoa usaha? Pima kwanza

Mbwa akishinda anatikisa kichwa na kujikuna sikio, wafugaji wengi hukimbilia chupa ya oksitetrasaiklini (dawa ya kuua bakteria) iliyobaki baada ya kutibu ng'ombe. Wengine humimina mafuta ya taa, au hata dawa ya kuogeshea mifugo. Hivi viwili vya mwisho huunguza ngozi ya ndani ya sikio na kuongeza maumivu. Ile ya ng'ombe nayo mara nyingi haimgusi kabisa kimelea aliyemo.

Tundu la sikio la mbwa hushuka chini kwanza, halafu hupinda kuelekea ndani. Pale kwenye kona ndipo maji na uchafu hukwama. Bakteria kwa kawaida huingia baada ya kitu kingine kufungua njia: utitiri, kupe, mbegu ya nyasi kwa mbwa wa machungani, au mzio wa ngozi. Ukiona uchafu mweusi mkavu kama unga wa kahawa, shuku utitiri. Chanzo kisipoondolewa, usaha utarudi hata kama dawa ilikuwa sahihi.

Bakteria wanaopatikana sana ni Staphylococcus pseudintermedius na Pseudomonas aeruginosa, na mara nyingi fangasi huwa pamoja nao. Huyo wa pili ndiye msumbufu. Kwa asili yake hasikii dawa kama amoksilini, tetrasaiklini wala kotrimoksazoli, kwa hiyo kuongeza dozi hakusaidii kitu.

Mwombe daktari wa mifugo achukue uchafu wa sikio kwa kijiti cha pamba kabla hujaliosha wala kuweka dawa yoyote. Aupake kwenye kioo, autie rangi na kuutazama kwa darubini. Ni kazi ya dakika chache, na peke yake inatosha kwa masikio mengi, kwa sababu inaonyesha kama ni fangasi, bakteria wa mviringo au wenye umbo la vijiti. Vikionekana vijiti, au kama sikio limetibiwa likarudi, sampuli ipelekwe maabara kuoteshwa.

Huko maabara bakteria hutandazwa kwenye sahani yenye chakula chao, kisha huwekwa vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Kesho yake, dawa inayofanya kazi huwa imezungukwa na duara tupu ambamo hakuna kilichoota. Duara hilo hupimwa kwa milimita. Majibu huandikwa S kwa dawa inayomuua au kumzuia, R kwa ile aliyoizoea. Ila usiisome karatasi hiyo peke yako. Vipimo hivyo vimepangwa kwa dawa inayopita kwenye damu, na matone ya sikio huwa makali zaidi ya hapo, hivyo daktari anaweza kuchagua matone ambayo wewe ungeyakataa.

Kabla ya matone, ngoma ya sikio ichunguzwe. Ikiwa imetoboka, matone yenye dawa ya gentamaisini au neomaisini yanaweza kuharibu usikivu wa mbwa kwa kudumu. Mbwa anayeinamisha kichwa upande mmoja au kuyumba, usimdondoshee kitu, mpeleke. Mfunge mdomo kwanza, maana mwenye maumivu ya sikio huuma hata anayemlisha. Nawa mikono ukimaliza.

Na matone ya mbwa yasiingie sikioni mwa mtoto, wala ya mtoto kwa mbwa. Kwa mtoto, maambukizi mapya ya sikio la kati husababishwa zaidi na Streptococcus pneumoniae na Haemophilus influenzae, na amoksilini ndiyo dawa ya kwanza. Usaha ukifika siku 14 au zaidi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni kukausha sikio kwa utambi wa kitambaa safi na kutumia matone ya jamii ya siprofloksasini kwa wiki 2, kwa maelekezo ya kituo cha afya. Pseudomonas yuleyule huonekana sana kwenye masikio sugu kama hayo. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni wa hospitali siku hiyohiyo.