Ukitaka kuifaidi filamu ya Kitamil ya wapenzi wagomvi

Watu wengi huziacha filamu hizi za Kitamil, lugha ya kusini mwa India, njiani kwa sababu moja: wamekaa wanasubiri mapenzi, wanaletewa ugomvi. Nusu saa imepita, vijana bado wananuniana kwa jambo dogo, mtazamaji anachoka, anazima. Mimi nazipenda mno, na ninachokwambia ni kwamba ugomvi ndio hadithi yenyewe. Ukishajua kuufuatilia, hutaweza kunyanyuka.

Anza kwa kuhakikisha umepata filamu yenyewe, maana hapa ndipo wengi hupotea. Chukua Kushi ya mwaka 2000, aliyoiongoza S. J. Suryah, stelingi akiwa Vijay pamoja na Jyothika. Mwaka 2001 mwongozaji huyohuyo aliirudia kwa Kitelugu, lugha nyingine ya kusini mwa India, kwa jina lilelile, safari hii na Pawan Kalyan na Bhumika Chawla. Mwaka 2003 ikaja ya Kihindi. Halafu mwaka 2023 ikatoka filamu nyingine kabisa ya Kitelugu, nayo inaitwa Kushi, na mwigizaji wake ni Vijay Deverakonda, ambaye ni Vijay mwingine. Kwa hiyo tafuta kwa jina, mwaka na mwigizaji wa kike. Kwa Kadhalil Sodhappuvadhu Yeppadi ya mwaka 2012 hata sura hazitakusaidia: Balaji Mohan aliitengeneza kwa Kitamil na kwa Kitelugu, waigizaji walewale wawili, Siddharth na Amala Paul, wakiwemo katika zote. Ya Kitelugu inaitwa Love Failure. Hapo angalia lugha.

Ukiipata, acha sauti ya Kitamil na uwashe manukuu. Usikubali ile iliyowekewa sauti za watu wengine. Katika ugomvi wa wapenzi, nusu ya maana imo kwenye pumzi: nani kamkatiza mwenzake, nani kanyamaza ghafla, nani sauti imeanza kukwama kooni. Manukuu huleta mstari mmoja mmoja hata pale wawili wanapozungumza kwa mpigo, basi sikiliza kwanza, kisha soma.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Usiache ugomvi wa kwanza ukupite. Kwenye Kushi, Jenny (ndiye Jyothika) amekaa anasoma kitabu, Shiva (ndiye Vijay) yuko karibu naye. Upepo unaisogeza sari, kiuno kinaonekana, macho ya Shiva yanakwenda. Jenny anamnasa. Anamuuliza alikuwa anatazama nini. Shiva anakana. Anaulizwa tena, anakana kwa nguvu zaidi, na pale alipopaswa kusema neno moja la kweli wakacheka, wanaanza kurushiana maneno mpaka kila mmoja anashika njia yake. Tazama tukio hili mara mbili. Mara ya kwanza mtazame anayesema. Mara ya pili mtazame anayesikiliza. Wote wawili wanaujua ukweli, na wote wanapendana. Kinachowashinda ni nani atangulie kukiri. Kuanzia hapo hadi mwisho wa filamu, adui mkubwa wa penzi lile ni kiburi cha wenyewe.

Kwa kila filamu ya aina hii mimi hujiuliza maswali matatu baada ya ugomvi wa kwanza. Kilichotajwa ni nini? Kilichouma hasa ni nini? Na nani mwingine anasikia? Hilo la tatu ndilo watu hulisahau. Wapenzi hawa hawagombani wawili peke yao. Wapo marafiki wanaobeba maneno, wapo wazazi, wapo ndugu. Katika ile ya 2012, Arun, yaani Siddharth, humgeukia mtazamaji na kumweleza upande wake, kwa hiyo anayebebeshwa maneno ni wewe. Msikilize kwa huruma, lakini kumbuka unasimuliwa na mlalamikaji mmoja. Wakati huohuo wazazi wa Parvathi, mpenzi wake, wanaelekea kuachana. Hao wazazi wafuatilie kwa makini hata kuliko vijana. Kwa maoni yangu, roho ya filamu ile imo kwao.

Nyimbo usiziruke. Mara nyingi wimbo mmoja hubeba miezi mizima ya uchumba. Ukiuruka unawakuta watu wamebadilika na hujui kwa nini.

Filamu nyingi za huko hutengenezwa zikiwa na mapumziko katikati, na tukio la kabla ya mapumziko huwa ndilo linalogeuza mambo. Lipokee hivyo. Simamisha filamu hapo. Mimi na mume wangu tukifika hapo kila mtu hutamka nani ana makosa na kwa nini, kisha tunaendelea. Nusu ya pili inakuwa tamu zaidi kwa sababu umeshachukua upande, na mwongozaji anaanza kukuletea yale aliyokuficha.

Kuhusu mpangilio, ningeanza na ile ya 2012, kwa kuwa ni nyepesi. Ifuatie Kushi. Baada ya hapo Alai Payuthey ya Mani Ratnam, nayo ya mwaka 2000, yenye muziki wa A. R. Rahman: Karthik na Shakthi wanafunga ndoa kwa siri, kila mmoja anarudi kwao kama hakuna kilichotokea, na ugomvi mkali unakuja baada ya kuanza kuishi pamoja. Iangalie ukiwa na utulivu, maana inaanzia mbele na kurudi nyuma.

Love Today ya 2022 iwe ya mwisho. Pradeep Ranganathan ameiongoza na kuigiza mwenyewe. Baba wa msichana, anayeigizwa na Sathyaraj, anawapa wapenzi sharti moja: wabadilishane simu kwa siku nzima. Ukiwa umeshazoea kuuliza nani mwingine anasikia, utaona mapema kwamba zile simu zimebeba familia mbili na marafiki zao wote. Na mtupie jicho Yogi Babu, anayeigiza mchumba wa dada wa yule kijana wa kiume, asiyetaka simu yake iguswe. Wengi humchukulia kama mchekeshaji wa pembeni. Hesabu ugomvi wake na dada yule kuwa ugomvi wa pili wa filamu, uufuate tangu mwanzo, na ukifika mwisho mlinganishe na wale wawili waliobadilishana simu.