Mchicha wa miiba: uutambue ungali mche

Kila msimu wa mvua nakutana na jambo lilelile: mkulima anasubiri magugu "yaonekane vizuri" ndipo ashike jembe. Yakishaonekana vizuri, mahindi yamekwisha kunyang'anywa mbolea na maji. Mchicha pori hupenda joto na jua kali, na wiki moja ya kuchelewa unakuwa umekupita.

Inama uutazame ukiwa umetoka tu ardhini. Majani mawili ya mbegu ni membamba na marefu. Ligeuze moja, aghalabu upande wa chini una wekundu wa zambarau. Jani linalofuata lina kibonyeo kidogo kwenye ncha. Mnavu, ambao wengi huuchanganya nao, majani yake ya mbegu ni mapana zaidi na yana vinyweleo.

Wakati huo usitafute miiba, bado haijatoka. Mmea ukirefuka, angalia pale kikonyo cha jani kinaposhikana na shina. Ukiona miiba miwili migumu, mmoja kila upande, huo ni mchicha wa miiba, *Amaranthus spinosus*. Usipoiona hata kwenye mmea uliokomaa, huenda ni *Amaranthus hybridus*, mchicha pori wa kawaida. Rangi ya shina isikudanganye: aina zote mbili huweza kuwa za kijani au nyekundu. Wanaong'oa kwa mkono waambiwe mapema, maana miiba ile inaumiza kwelikweli.

Sugua suke lililokauka kiganjani, kisha puliza makapi. Zitabaki mbegu nyeusi zinazong'aa, kila moja kama milimita 1. Mmea mmoja mkubwa huweza kutoa zaidi ya 100,000, na nyingi hukaa udongoni miaka kadhaa zikingoja mwanga. Ndiyo maana siamini palizi moja. Palilia wiki ya pili au ya tatu baada ya mahindi kuota, na tena kabla gugu halijatoa maua. Lima juujuu, jua likiwa kali, ukate mzizi wenyewe. Ukikata shina tu litachipua upya kwenye pingili za chini. Mmea wenye masuke usiulaze kati ya mistari. Utoe shambani.

Kwa anayechanganya mahindi na maharage: dawa ya 2,4-D huua mchicha, lakini maharage nayo yatakufa. Hapo jembe ndilo salama.

Samadi mbichi nayo huleta mbegu, kwa kuwa nyingine hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Iache ioze vizuri kwa joto la lundo. Na mchicha uliong'olewa kwenye shamba lenye urea nyingi, hasa wakati wa ukame, usimlundikie ng'ombe. Huwa umejaa naitreti (chumvi ya nitrojeni ambayo ikizidi ni sumu kwa ng'ombe), na mnyama mwenye njaa akiula mwingi kwa mkupuo huanza kuhema kwa shida, na anaweza kufa siku hiyohiyo.