Ukilala juu ya mti, baridi huingilia chini

Ukilala kwenye bembea juu ya mti, usijirundikie mablanketi. Baridi inatoka mgongoni: uzito wako unalibana blanketi ulilolalia, hewa yote inatoka, unatetemeka hadi alfajiri. Mwezi wa saba kule Magamba, Lushoto, blanketi la pili nililifunga kwa nje, chini ya bembea, likigusa kitambaa tu bila kubanwa. Nililala fofofo!

Kwenye kamba za bembea pande zote mbili, chini ya turubai la kukinga mvua, funga kipande cha khanga kuukuu. Maji ya mvua yakiteremka na kamba yatadondokea hapo, si shingoni.

Mkanda wa kupandia mti, ule unaokuzuia usianguke, usiuvue hata ukienda haja ndogo, na kamba yake ifungwe kwenye shina, si kwenye bembea.