Jinsi ya kuweka pedi kazini bila kuzifungia kabatini wala kuziba choo

Juzi alinipigia dada mmoja tuliyeshona naye laini moja kiwandani miaka ya nyuma. Siku hizi ni afisa utumishi kwenye kiwanda cha kusindika mboga huko Kilimanjaro. "Dada, bosi amekubali tuweke pedi vyooni. Nianzie wapi?" Tuliongea mpaka salio likakata, akanunua tena, tukaendelea. Nilipokata simu nikaona bora niyaandike, maana swali hilo nimeshaulizwa na wengi na kila mara nasahau kitu.

Mimi nilianza kama fundi cherehani kwenye kiwanda cha nguo Dar es Salaam, baadaye wenzangu wakanichagua kuwa mwakilishi wa usalama na afya. Tulikuwa wanawake 60 kwenye zamu ya mchana. Siku moja nilimkuta binti mgeni kwenye meza ya kukatia anachagua mabaki ya vitambaa na kuyasweka ndani ya aproni. Nilijua ni ya nini, kwa sababu na mimi niliwahi kufanya hivyo. Vitambaa vile vina vumbi, vina rangi ambayo haijafuliwa hata mara moja, na kuna siku vinabaki na ncha ya sindano iliyovunjika. Tulikuwa tunashona nguo za watu wengine tangu asubuhi, halafu tunajifunga uchafu. Sikulala vizuri usiku ule.

Hatua ya 1: Waulize wenyewe

Vikaratasi visivyo na majina, boksi la viatu lenye tundu juu, siku mbili. Maswali matatu yanatosha: unatumia nini ukiwa kwenye siku zako, kitu gani kinakusumbua hapa kazini, ungependa vitu vikae wapi. Usiitishe mkutano wa kunyoosha mikono, na kama mtu hasomi vizuri, aandikiwe na mwenzake anayemwamini.

Hatua ya 2: Piga hesabu

Hedhi ya wengi huchukua siku tatu hadi saba, tuseme tano. Kwa kazi ya siku sita kwa wiki, karibu siku nne kati ya hizo zitamkuta kazini. Pedi hubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita, kwa hiyo zamu moja inataka pedi mbili. Mbili mara nne ni nane, yaani pakiti moja ya pedi nane kwa kila mwanamke kwa mwezi. Kwa watu 60 ni pakiti 60.

Hicho ni kiwango cha juu. Wapo wajawazito, wapo wanaonyonyesha ambao hedhi haijarudi, wapo walioweka kijiti au kuchoma sindano ya uzazi wa mpango na hawaoni siku zao, na wapo waliokwishafikia ukomo wa hedhi. Lakini mwezi wa kwanza nunua kiwango hicho hicho cha juu, usipunguze. Sababu naieleza kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 3: Fungu la fedha

Hapa nina msimamo na sitaulegeza. Pedi ziingie kwenye fungu lile lile la sabuni na karatasi za chooni, si kwenye "msaada" wala "zawadi kwa akina mama". Kitu kikiitwa msaada, mwezi ambao oda zimepungua ndicho cha kwanza kukatwa. Sijaona kiwanda kinachokata karatasi za chooni.

Pakiti moja hapa mjini huwa kati ya shilingi 1,500 na 3,000 kutegemea aina na duka. Tukisema 2,000, watu 60 ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Mpelekee bosi hesabu hiyo pamoja na hesabu ya sukari na majani ya chai ya mwezi huo huo, aziweke mbili mbele yake. Usimwahidi kwamba bei itashuka. Mwaka 2018 serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike, bei madukani haikushuka ilivyotarajiwa, na mwaka 2019 kodi ikarudi.

Bosi wetu alitaka tuzindue tarehe 28 Mei, Siku ya Hedhi Salama Duniani, na mpiga picha awepo. Nilimwomba sana aliache hilo. Mwanamke asipigwe picha akipokea pedi.

Hatua ya 4: Kununua

Nunua kwa katoni duka la jumla, sisi tulikwenda Kariakoo, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, palepale, maana uhasibu hawatakurudishia hela kwa karatasi ya mkono.

Chagua zenye mabawa, zisizo na manukato, kila moja ikiwa na kifungashio chake. Manukato huwawasha baadhi ya watu, na anayekaa kwenye kiti cha cherehani saa nane anaujua mwasho huo. Angalia alama ya TBS, shirika la viwango, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Changanya ukubwa: za kawaida ziwe nyingi, na nene kiasi kwa wanaotoka damu nyingi na kwa zamu ya usiku.

Pedi za kufua nazipenda na nyumbani natumia hizo, lakini usiziweke kwenye boksi la kazini. Iliyotumika itabidi mtu aibebe mbichi kwenye daladala mpaka nyumbani. Kikombe cha hedhi vilevile ni kizuri, ila kinataka maji safi ya kunawa na kukisuuzia, na kuchemshwa kila mzunguko, kwa hiyo kiwe uamuzi wa mtu mwenyewe. Tamponi ziweke kama vikaratasi vimeziomba tu, na ubandike maelezo: isikae mwilini zaidi ya saa nane, kwa sababu ikikaa mno inaweza kuleta maambukizi ya nadra lakini ya hatari sana.

Hatua ya 5: Boksi likae wapi

Ndani ya choo cha wanawake. Si kwa supavaiza, si kwa mlinzi, si kwenye kabati la huduma ya kwanza lenye ufunguo mmoja. Kwetu mwanzo zilifungiwa kwa supavaiza, mwanamume, mtu mwema kabisa, na wiki nzima ikapita bila mtu kwenda kuomba hata moja. Uongozi ukasema, "Mnaona? Hawazihitaji." Tulipozihamishia chooni, katoni iliisha ndani ya siku tisa.

Hapo ndipo wakataka kufunga tena, kwamba wanawake wanaiba. Niliwaomba miezi mitatu. Waliochukua tano-tano kwenda nazo nyumbani walifanya hivyo kwa sababu hawakuamini kwamba kesho zitakuwepo. Tuliendelea kujaza kila asubuhi na kila jioni kabla zamu ya usiku haijaingia, maana usiku maduka yamefungwa na hakuna pa kukimbilia. Mwezi wa pili matumizi yakapungua, wa tatu yakatulia chini ya pakiti 60. Ndiyo maana nasema usianze na kiasi kidogo: zikiisha wiki ya kwanza, umewathibitishia kwamba walikuwa sahihi kuhodhi.

Pamoja na boksi, weka ndani ya kila choo ndoo ya maji na kopo, kulabu ya kutundikia nguo, na kitasa kinachofunga kweli. Kwenye chumba cha huduma ya kwanza weka khanga mbili safi za dharura kwa atakayechafuka.

Hatua ya 6: Zilizotumika ziende wapi

Hii ndiyo iliyotutesa. Ukisoma hatua moja tu, soma hii, na uikamilishe kabla hujaweka pedi ya kwanza.

Sisi tuliweka pedi bila kuweka pipa. Wiki ya tatu vyoo viwili vikarudisha maji. Fundi bomba akafungua chemba, akakuta pedi zimejaa bombani kama mto uliolowa. Ndani ya pedi nyingi za dukani kuna chembechembe zinazonyonya maji na kuvimba, na mgongo wake ni plastiki. Ukiiflashi haiyeyuki, inavimba na kukaa pale pale. Karo, lile shimo la majitaka, nalo lilikuwa limeziba, ikabidi liitwe gari la kunyonya majitaka. Siku ile tulisimamisha laini mbili, na gharama yake ilizidi pedi za miezi kadhaa. Mradi mzima nusura ufe hapo.

Tukaweka dastibini moja kubwa nje ya milango ya vyoo. Haikusaidia. Hakuna atakayetoka na pedi iliyotumika mkononi mbele ya foleni. Zamani mtu aliviringisha kwenye rambo akaificha, ila tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku na haipo tena mifukoni mwetu. Kwa hiyo pipa liwe ndani ya kila choo, dogo, la kukanyaga kwa mguu, lisiloonyesha ndani. Karibu na boksi la pedi tundika mifuko midogo ya kaki, ile ya kufungia maandazi, mtu afunge kwanza ndipo atupe. Ukiwa na choo cha shimo, sheria ni ile ile: pipa, si shimoni, maana shimo hujaa mapema na pedi humsumbua anayekuja kunyonya.

Kisha likaja suala la nani anamwaga. Dada wa usafi alikataa, na alikuwa na haki, kwa sababu alipewa kazi ya damu bila kuulizwa na bila glavu. Tulikaa naye tukakubaliana: glavu nene, aproni, ndoo yenye mfuniko ya kubebea, sabuni ya kunawia, jiki ya kuoshea mapipa, kumwaga mara mbili kwa siku, na nyongeza kidogo kwenye mshahara wake. Yaandike hayo kwenye mkataba. Usimwombe mtu kwa undugu kazi ambayo inapaswa kulipwa.

Halafu, zikishatoka chooni? Tulijaribu kuchoma kwenye pipa la chuma nyuma ya kiwanda. Usijaribu. Pedi iliyolowa haishiki moto, inafuka tu. Plastiki inatoa moshi mkali, majirani walikuja getini, na usiku mbwa waliburuta zilizobaki mpaka barabarani. Taka za namna hii zinataka tanuri linalofika zaidi ya nyuzi 800 za sentigredi, na pipa la mafuta halifiki huko. Njia zilizofaa ni mbili. Kwanza, zungumza na mzabuni anayezoa taka zako: mwambie wazi ni taka gani, zifungwe kwenye mfuko wake wa peke yake, asije kuzikuta ghafla. Pili, kama kuna kituo cha afya jirani chenye tanuri lake, omba makubaliano ya maandishi ya kupeleka kwa ada. Sisi tuliishia kwa mzabuni, na ilichukua vikao vitatu kwa sababu kila mtu mezani alikuwa anazunguka neno. Sema "pedi zilizotumika". Ukilitaja wewe, wengine nao wataweza.

Hatua ya 7: Supavaiza na kadi ya choo

Kama kiwandani kwenu mtu anaomba kadi ndipo aende chooni, pedi zako hazitafika mwilini kwa wakati. Kaa na masupavaiza, wanaume kwa wanawake, nusu saa. Wakubaliane kwamba hakuna kuuliza sababu wala kuhesabu safari. Waeleze pia dalili za kumwambia mtu aende hospitali: pedi inayolowa kabisa kila saa moja au mbili kwa saa kadhaa mfululizo, hedhi inayozidi siku saba, kizunguzungu, maumivu yanayomlaza mtu chini kila mwezi. Inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi, inaweza kuwa damu imepungua, na mengi ya hayo yanatibika. Ruhusa ya kwenda kupima isikatwe kwenye malipo.

Hatua ya 8: Rudi kwenye vikaratasi

Baada ya miezi mitatu lirudishe lile boksi la viatu. Kwetu wengi waliandika asante, mmoja akaomba pedi nene zaidi, wawili wakaomba sabuni iwe ya maji. Kikaratasi kimoja kilisema mfuniko wa pipa unapiga kelele ukijifunga, laini nzima inasikia na kujua fulani yuko kwenye siku zake. Sikuwahi kuliwaza hilo. Jioni ile fundi mitambo alikata kandambili ya zamani vipande vidogo, tukavigundisha kwenye ukingo wa kila pipa, choo kwa choo.