Kabla Hujaondoa Android kwenye Tableti ya Zamani

Tableti iliyolala kwenye kabati la sebule tangu mtoto amalize darasa la nane haina haraka, basi na wewe usiwe na haraka. Kila likizo hapa Kisumu naletewa tableti ambazo WhatsApp imeshazikataa (tangu Oktoba 2023 haikubali Android iliyo chini ya toleo la 5.0). Mwenyewe ametazama video moja na anataka Ubuntu Touch au postmarketOS, mifumo ya Linux inayokaa mahali pa Android, iwe imekaa kabla ya magharibi. Kuweka mfumo wenyewe ni kazi fupi. Tableti huuawa na mambo ambayo hayakuangaliwa kabla kebo haijachomekwa, kwa hiyo soma hadi mwisho ndipo uguse kitu.

Anza kwa kujiuliza tableti itafanya kazi gani. Ubuntu Touch iliasisiwa na kampuni ya Canonical, ikaachwa mwaka 2017, na tangu hapo inaendelezwa na watu wa kujitolea wa UBports. postmarketOS nayo ilianza mwaka huohuo wa 2017, imejengwa juu ya Alpine Linux, toleo jepesi la Linux, na nia ya waanzilishi wake ni kifaa kiweze kutumika miaka kumi. Mifumo hii haina Play Store. Ipo njia ya Waydroid, inayoendesha Android ndani ya Linux, lakini programu nyingi za benki zikihisi kifaa hakina kibali cha Google hufunga mlango, na tableti yenye RAM ya GB 1 itahema tu. Kama unataka kusoma PDF, kuandika, kuingia eCitizen kwa kivinjari, au kumfundisha mtoto Python, lugha ya kuandikia programu, utafurahi. Kama unataka TikTok, tafuta LineageOS, ambayo bado ni Android. Kama unataka benki, iache ilivyo. Usije baadaye kunilaumu.

Ya pili ni modeli. “Ni Samsung” si jibu. Galaxy Tab A ya inchi 10.1 ya mwaka 2016 peke yake ina SM-T580 ya Wi-Fi tupu na SM-T585 inayoingia laini, na faili za moja si za mwenzake. Nexus 7 ya 2013 ni hivyohivyo: ya Wi-Fi jina lake la ndani ni flo, ya laini ni deb, na ile ya 2012 ya Wi-Fi ni kifaa kingine kabisa kiitwacho grouper. Jina hilo la ndani ndilo utakalolitafuta kwenye orodha ya vifaa vinavyokubali mfumo unaoutaka. Usitegemee maandishi ya mgongoni, hasa kama tableti ni ya mkono wa pili. Mafundi hubadilisha migongo kama inavyobadilishwa milango ya matatu, na utakuta mgongo wa T580 umebeba matumbo ya T585. Izime, iwashe kwa vitufe vya kuingia hali ya kupakua (download mode), usome modeli inayoandikwa pale juu ya skrini. Hiyo ndiyo ya kuamini.

Ukishalipata jina, soma ukurasa wa kifaa hicho wote, si kichwa chake tu. Wi-Fi inafanya kazi? Sauti? Kamera? Kuchaji? Kwenye postmarketOS viko vifaa vingi ambavyo vimefika mahali pa kuwasha skrini na kuishia hapo. Kama wameandika Wi-Fi haifanyi kazi, kwako pia haitafanya. Angalia vilevile kifaa kinatakiwa kiwe kwenye toleo gani la Android kabla ya kuanza, kwa sababu Ubuntu Touch kwenye vifaa vingi huazima madereva ya Android yaliyomo, yaani programu ndogo zinazoendesha vipuri vya kifaa, na ukikosea toleo utapata skrini nyeusi. Zile tableti za watoto zisizo na jina la maana, zenye kava la mpira na picha ya katuni, achana nazo. Watengenezaji wake hawakutoa msimbo chanzo wowote wa programu zake, na hakuna mtu aliyekaa chini kuzishughulikia.

Je, tableti ni yako? Kama bado unailipia kidogo kidogo, ile programu ya mkopo imefungiwa humo ndani na hairuhusu mchezo. Maliza deni kwanza. Na vishikwambi vya mradi wa serikali wa shule za msingi ni mali ya shule, hata kama vimekaa kwa mwalimu hadi vumbi limeota. Usiniletee.

Sasa hili la akaunti ya Google. Kaa chini.

Tangu Android 5.1, tableti ikifutwa kwa vitufe vya nje badala ya kupitia mipangilio, inapowaka hudai akaunti ya Google iliyokuwamo. Ni kinga dhidi ya wezi, na ni nzuri. Ila haijui tofauti ya mwizi na mpwa.

Shangazi yangu wa Ahero alinunua tableti yake dukani mjini Kisumu, mpya, ndani ya boksi. Kijana wa kaunta akamuuliza, “Mama, una email?” Hakuwa nayo. Kijana akamfungulia palepale amesimama, akabuni jina, akabuni nywila, na kwa sababu simu ya shangazi ilikuwa imeachwa nyumbani kwenye chaji, akaweka namba yake mwenyewe ya kupokelea msimbo. Hakuandika popote. Wengi wenu tableti za mama zenu zilifunguliwa hivyo, na hamjui kwa sababu hazijawahi kuuliza tena.

Miaka ikapita. Shangazi ni katibu wa chama. Kila mkutano alipiga picha kurasa za daftari la michango kwa tableti ile. Ikawa nzito, kufungua picha moja ni kungoja chai ichemke. Mpwa wangu anayesoma Maseno akaja likizo ya Desemba na nia njema kabisa. Shangazi alipokwenda kanisani, kijana akashika vitufe vitatu kama video ilivyosema, akafuta kila kitu, ili akirudi akute kitu kipya. Tableti ikawaka, ikakaribisha, ikaomba Wi-Fi, kisha ikaomba akaunti. Akajaribu kuingiza Linux kwa nguvu kutoka kwenye laptopu. Skrini ikaandika kwa herufi nyekundu kwamba faili imezuiwa na “FRP lock”, yaani kinga ileile ya akaunti. Kile kitufe cha “OEM unlocking” ambacho kingeruhusu kazi kiko ndani ya mipangilio, na mipangilio iko nyuma ya akaunti.

Nilifika jioni nikamkuta shangazi amevaa miwani, anajaribu majina ya wajukuu mmoja mmoja kwenye kisanduku cha nywila. “Hii akaunti wanayotaka ni ya benki?” akaniuliza.

Tulikwenda dukani. Pale sasa panauzwa viatu vya mitumba. Jirani mmoja alikuwa na namba ya yule kijana. Tukapiga, akapokea mama mmoja wa Bungoma aliyepewa laini ile baada ya kulala muda mrefu. Nikamweleza kwa adabu kwamba atapokea ujumbe wenye tarakimu, anisomee. Akakata simu. Wala simlaumu, nani katika nchi hii atakusomea msimbo kwa simu? Watengenezaji huwa wanasaidia ukiwa na risiti, lakini risiti ilienda na boksi, na boksi lilienda kuwashia moto. Fundi mmoja akajitolea kuipita kinga hiyo kwa malipo, akarudisha tableti ikiwa palepale, na mkwaruzo mpya kwenye kona.

Nanyi mnaosema picha ziko salama Google Photos: ndiyo, zimo salama, ndani ya akaunti ileile ambayo hakuna anayeweza kuiingia. Michango ya chama ilibidi iandikwe upya kwa kumbukumbu za akina mama, na mkutano huo sitausimulia.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu na usiruke. Tableti ikiwa bado inawaka, ingia mipangilio, sehemu ya akaunti, usome anwani iliyomo. Jaribu kuingia kwa anwani hiyo na nywila yake kwenye simu nyingine. Ukishindwa, simama hapo, suluhisha hilo kwanza wakati tableti bado inakutambua. Ukifaulu, badilisha namba ya kupokea msimbo iwe yako. Toa picha na mafaili, uyaone kwa macho kwenye kifaa kingine. Ndipo uondoe akaunti kwenye tableti, uondoe na mchoro wa kufungulia skrini. Kisha gusa namba ya toleo mara saba ili mipangilio ya wasanidi (Developer options) ijitokeze, uwashe “OEM unlocking” na utatuzi wa USB (USB debugging). Kama hicho kitufe hakipo au kimefifia, rudi ukasome ukurasa wa kifaa, kuna sababu.

Mengine ni mafupi.

Kufungua butiloda, ile programu ndogo inayoamka kabla ya mfumo wenyewe, hufuta kila kitu. Kila kitu. Kadi ya kumbukumbu ichomoe kabisa uiweke mfukoni.

Pakua pia mfumo wa awali wa kifaa chako, ule wa kiwandani, kabla ya kuuondoa. Ndiyo njia ya kurudi nyumbani. Kama tableti inaingia laini, piga *#06# uandike IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, kwenye karatasi.

Betri iwe juu ya asilimia 60, na iwe betri ya kweli. Kama inaonyesha 40 kisha inazima ghafla, ibadilishe kwanza. Kama skrini imeinuka pembeni au mgongo umevimba, usiichaji, usiibonyeze, usiitoboe.

Kebo nyingi za barabarani ni za kuchaji tu, hazipitishi data. Andika adb devices, amri inayoorodhesha vifaa vilivyounganishwa, kwenye laptopu. Kama hakuna kinachojitokeza na tableti haikuulizi ruhusa, badilisha kebo kabla hujalaumu Windows. Kisha ulaumu Windows, kwa sababu madereva yake husumbua. Ukiwa na Linux kwenye flashi, tumia hiyo. Samsung haitumii fastboot, programu ya kuandika mfumo kupitia kebo, kama wengine. Kwao ni Odin kwenye Windows au Heimdall kwenye Linux, kwa hiyo usinakili amri za Nexus ukazipiga kwenye Galaxy.

Usifanyie kazi hii kwenye kompyuta ya saiba isiyo na betri ya akiba. Mvua ya alasiri ikianza kupanda kutoka ziwani, stima nayo huanza kufikiria. Ikikatika ukiandika mfumo, utarudia. Ikikatika ukiandika butiloda, huenda usiwe na cha kurudia. Tumia laptopu yenye chaji yake.

Pakua faili kutoka kwa wenyewe, si kwa mtu wa kikundi cha Telegram anayesema “hii imejaribiwa”. Ikishashuka, ipitishe kwenye sha256sum, amri inayokokotoa alama ya faili, ulinganishe na alama waliyotoa. Mtandao ukiyumba, faili inaweza kufika pungufu na bado ikafanana na nzima.

Soma jina la sehemu unayoandika kabla ya kubonyeza Enter: boot na bootloader (ile butiloda) ni vitu viwili. Usianze usiku. Usianze ukiwa na mgeni. Usimwambie mwenye tableti itakuwa tayari kesho. Kuwaka kwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua dakika nyingi na nembo ikizunguka tu. Iache izunguke, kebo usiichomoe, na mtoto asiwe karibu nayo.