Somo: Nyamazisha bati la mlango wa gari kabla hujanunua spika mpya

Wakuu, gonga mlango wa IST yako kwa kidole. Debe tupu, sivyo? Basi spika yako imefungwa kwenye debe hilo.

Tafuta shuka za butili (mpira unaonata) zenye alumini juu, unene wa milimita 2, pamoja na spiriti, rola ndogo na glavu. Glavu usizidharau, ile alumini inakata kama wembe.

1. Pandisha kioo. Toa skrubu zote za kava (moja hujificha nyuma ya kishikio), kisha chomoa klipsi na soketi ya swichi. Bandua nailoni iliyo nyuma ya kava.

2. Pitisha mkono kwenye matundu, ufute bati la nje kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke kisafi. Hapa ndipo watu huharakisha, halafu shuka zinadondoka.

3. Bandika kwenye bati hilo, ukianzia nyuma ya spika. Robo ya eneo inatosha: butili ikivutwa kati ya bati na alumini hugeuza mtetemo kuwa joto. Kandamiza kwa rola mpaka vinundu vya alumini vilale.

4. Ziba matundu makubwa ya bati la ndani. Sauti ya nyuma ya spika iko kinyume na ya mbele, na zikikutana besi inakufa. Kwangu hatua hii ndiyo iliyoleta tofauti kubwa.

5. Vitundu vya maji vya chini viache wazi, la sivyo mlango utaoza. Shusha na kupandisha kioo, jaribu na kitasa, ndipo urudishe kava.

MASWALI

Mkuu, ule utepe wa lami wa kuzibia paa haufai?

Unanata, ila gari ikishinda juani lami inalainika, inateleza na kunuka. Mimi niliujaribu mlango mmoja, nikaishia kuukwangua kwa mafuta ya taa.

Kelele za matairi zitaisha?

Hapana, zitapungua kidogo tu. Nyingi zinapita sakafuni na juu ya magurudumu, na butili inazuia bati kutetema, haizuii sauti kupenya.

Spika zangu ni zile zilizokuja na gari. Nitaona faida?

Zangu pia ni hizo hizo, mkuu. Nilikuwa na mpango wa kuzibadilisha, hela nikanunulia tairi.